Jipu la ini: tuchome sindano au tusubiri dawa?

Mzee aliingia wodini ameshika ubavu wa kulia kwa viganja viwili, ameinama mbele, anapiga hatua fupifupi. Umri wake miaka 54, kazi yake kuuza samaki, na homa ilikuwa imetimiza wiki ya tatu. Katika wiki hizo alikuwa amemaliza dozi mbili za malaria, akachomwa sindano za taifodi, na mwisho akanunua vidonge dukani ambavyo jina lake hakulikumbuka. Jioni alikuwa akitetemeka mpaka kitanda kinalia, usiku analowa jasho. Bega la kulia nalo lilimuuma, na kwa ajili ya bega alikuwa amepewa dawa ya kuchua.

"Mwanangu daktari," aliniambia, "nitundikie dripu tu, nirudi zangu sokoni."

Nilikuwa daktari wa mafunzo kwa vitendo. Nilisimama kando wakati anapakwa jeli ubavuni na kifaa cha altrasaundi kinapitishwa katikati ya mbavu. Ini lenye afya kwenye kioo lina kijivu kilicholingana, kama uji uliokorogwa vizuri. La mzee lilikuwa na shimo jeusi upande wa kulia, kingo zake hazikunyooka, na ndani mna chembechembe zinazoelea kila akivuta pumzi. Upana wake sentimita 8. Lilikuwa jipu.

Ubishi ulianza palepale mlangoni. Mkubwa wetu alisema ni amiba: Flagyl ya mshipa, siku tatu, halafu tuone. Daktari mwingine, aliyekuwa akisomea ubingwa, alitaka usaha uvutwe siku hiyohiyo. Ubishi huo nimeusikia tena katika wodi nyingi tangu hapo, na kila upande una hoja nzito kuliko upande wa pili unavyokubali. Mimi nina upande wangu na nitausema, ila kwanza niwatendee haki waliosema tusubiri.

Amiba ni kimelea kinachoingia mwilini kwa maji au chakula chenye uchafu wa kinyesi. Kinakaa utumboni, na kwa baadhi ya watu hupenya kikafuata damu hadi kwenye ini. Jipu lake hupenda wanaume wa umri wa kufanya kazi, mara nyingi huwa moja, na mara nyingi hukaa upande wa kulia. Mzee wetu aliingia humo karibu kwa kila kipengele. La kutia moyo ni kwamba metronidazoli, dawa ambayo mtaani inajulikana zaidi kwa jina la Flagyl, huliponya kwa wengi bila kuchoma sindano hata moja. Homa huanza kushuka ndani ya siku tatu hivi. Baada yake hutolewa dawa nyingine ya kusafisha amiba waliobaki utumboni, hatua ambayo husahaulika mno. Kwa hospitali ya wilaya isiyo na maabara ya kuotesha vimelea, yenye mashine moja ya altrasaundi na mtu mmoja anayeijua, kuanza na Flagyl na kusubiri ni uamuzi ulioponya watu wengi sana. Anayeudharau hajafanya kazi huko.

Wana hoja nyingine, na hii ndiyo ninayoiheshimu kuliko zote: si kila shimo jeusi kwenye ini ni jipu. Turkana, kaskazini mwa Kenya, ni miongoni mwa sehemu ambako ugonjwa wa tegu wa mbwa umeonekana kwa wingi mkubwa duniani, na jamii za wafugaji wa upande wa Tanzania wanaujua pia. Tegu huyu hujenga kwenye ini mfuko uliojaa maji. Ukiuchoma bila kujua na bila maandalizi, maji yanaweza kumwagika tumboni, mgonjwa akapata mzio mkali wa ghafla, na mbegu za ugonjwa zikasambaa. Saratani ya ini nayo, ambayo kwetu si ngeni, inaweza kuoza katikati ikaonekana kama jipu. Ongeza hatari ya damu kuvuja kwa mtu ambaye damu yake haigandi vizuri, na hatari ya sindano iliyopita juu mno kuingiza usaha kwenye utando wa mapafu. Mkubwa wetu alikuwa ameyaona haya kwa macho yake. Hakuwa mwoga.

Tulichokosea siku ile kilikuwa kidogo na cha bei rahisi. Hakuna aliyempima mzee sukari.

Si amiba peke yake anayeleta jipu kwenye ini. Bakteria nao hulileta, na jipu la bakteria lina njia nyingi za kuingia. Mwaka 1938, Alton Ochsner, Michael DeBakey na Samuel Murray wa New Orleans, Marekani, waliandika juu ya wagonjwa 47 wa majipu ya ini. Enzi hizo chanzo kilichoongoza kilikuwa kidole tumbo kilichooza: bakteria walipanda na mshipa mkubwa unaotoa damu utumboni kupeleka kwenye ini, na waliougua walikuwa hasa vijana. Asiyefunguliwa tumbo alikufa. Tangu upasuaji wa kidole tumbo uwe wa kawaida na dawa za bakteria zipatikane, ugonjwa umehamia kwa watu wa makamo na wazee, na njia inayotajwa zaidi sasa ni ya nyongo: vijiwe, mrija uliosinyaa, saratani inayoubana, au mnyoo wa askaris aliyepanda hadi ndani yake. Palipo na nyongo iliyotuama, bakteria wa utumboni kama E. coli hupata makao.

Njia nyingine ni damu, kutoka jino bovu, kidonda cha ngozi au moyo ulioshambuliwa. Kwa watoto, bakteria wa ngozi aitwaye stafilokokasi huonekana mara kwa mara, na wenye selimundu nao wako hatarini. Ipo pia njia ambayo watu wa pwani wanapaswa kuijua: mwiba wa samaki uliomezwa bila kutafunwa vizuri unaweza kutoboa tumbo la chakula, ukaingia kwenye ini lililo jirani yake, na mgonjwa asikumbuke hata siku aliyoumeza. Ni nadra, lakini jipu la namna hiyo hurudi tena na tena mpaka mwiba utolewe. Na wapo wengi tu ambao chanzo chao hakionekani hata baada ya kutafuta.

Sasa kisukari. Utafiti wa Denmark uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba mwenye kisukari ana uwezekano mara 3.6 wa kupata jipu la bakteria kwenye ini akilinganishwa na asiyekuwa nacho. Sukari ikipanda, chembe nyeupe za damu huzubaa: hufika penye bakteria zikiwa hazina nguvu ya kummeza. Na kuna bakteria mmoja, klebsiela, anayejua kuutumia udhaifu huo. Aina zake kali zina gamba nene la utelezi linalozifanya chembe nyeupe zishindwe kumshika. Taiwan ndiko alikojulikana kwa ukali huo tangu miaka ya 1980. Mwaka 2004 Taiwan ilikuwa na wagonjwa wapya wa jipu la bakteria karibu 17.6 kwa kila watu 100,000, wakati eneo la Calgary huko Kanada lilikuwa na 2.3. Jipu la klebsiela wa namna hii mara nyingi halina kijiwe cha nyongo wala kidole tumbo. Linamkuta mtu aliyekuwa akitembea mjini na sukari yake ya juu asiyoijua. Mbaya zaidi, klebsiela huyu haishii kwenye ini. Huruka na damu akaenda kwenye mapafu, kwenye ubongo, na ndani ya jicho.

Kwetu, utafiti wa kitaifa wa Tanzania wa mwaka 2012 ulikuta sukari ya juu kwa asilimia 9.1 ya watu wa miaka 25 hadi 64. Kwa hiyo mazoea ya "jipu la ini ni amiba" yalijengwa kwa ajili ya wagonjwa wa wakati mwingine. Amiba hajaondoka. Aliyeongezeka ni mgonjwa wa aina nyingine, na kwa nje wanafanana: homa, ubavu, bega, kikohozi kinachouma. Altrasaundi haiwezi kuwatofautisha kwa uhakika. Choo hakisaidii sana, kwa kuwa wengi wenye jipu la amiba hawaonekani na amiba chooni. Kipimo cha damu cha kingamwili za amiba kinasaidia pale kilipo.

Siku ya tatu mzee alikuwa bado anatetemeka. Muuguzi wa zamu ya usiku, bila kuagizwa na yeyote, alimtoboa kidole. Sukari ilisoma 22 (mmol/L), juu mno. Asubuhi mzee aliniambia kwamba jicho la kushoto linaona ukungu. Niliandika kwenye faili kwamba ni kwa sababu ya sukari. Sentensi hiyo niliiandika mimi kwa mkono wangu.

Siku ya nne tukachoma. Alilala chali, mkono wa kulia umewekwa chini ya kichwa ili mbavu zifunguke. Dawa ya ganzi, halafu sindano ndefu ikifuatwa kwenye kioo kama mstari mweupe unaoshuka kuelekea kwenye weusi. Usaha wa amiba huwa wa kahawia, kama uji wa ulezi, na kwa kawaida hauna harufu. Huu ulikuwa wa manjano iliyokaribia kijani, mzito, na chumba kizima kilijaa harufu kabla bomba la kwanza halijajaa. Mkubwa wetu aliutazama, akasema taratibu, "Ongezeni seftriaksoni sasa hivi." Hiyo ni dawa ya bakteria.

Hapo ndipo nilipo mimi katika ubishi huu. Kijana asiye na kisukari, mwenye jipu moja la wastani upande wa kulia, anayefuatiliwa kila siku, anaweza kuanza dawa na kusubiriwa siku mbili hadi tatu. Lakini mwenye kisukari, mwenye manjano au historia ya vijiwe vya nyongo, mwenye umri mkubwa, mwenye jipu linalozidi sentimita 5, au mwenye jipu upande wa kushoto ambalo likipasuka linaweza kumwaga usaha kwenye mfuko wa moyo, asisubirishwe. Na wote wawili, wakati bado hatujui, wapewe dawa ya bakteria pamoja na metronidazoli. Kutoa metronidazoli peke yake ni kuweka dau kwamba ni amiba, na klebsiela na E. coli haiwagusi kabisa.

Hofu ya tegu wa mbwa ijibiwe kwa macho: aangalie anayejua sura ya mfuko ule, aulize mgonjwa ametoka wapi na anaishi na mbwa wangapi, apime kuganda kwa damu. Hayo yote ni kazi ya saa chache. Kuyatumia kama sababu ya kukaa siku nne ni kosa.

Kuvuta usaha kwa sindano kulianza kabla hata ya altrasaundi. Mwaka 1953 huko Hong Kong, McFadzean na wenzake waliripoti wagonjwa 14 mfululizo waliovutwa usaha kwa sindano na kupewa dawa, wote wakapona, katika zama ambazo madaktari wengi waliamini kisu peke yake ndicho tiba. Ilichukua miongo mitatu na ujio wa mashine za picha mpaka njia hiyo ikubalike kila mahali.

Leo ubishi umehamia kwingine: sindano, au mrija unaoachwa ndani uendelee kutiririsha? Huko Bosnia, katika utafiti wa wagonjwa 60 uliochapishwa 2007, mrija ulifaulu kwa wote 30 waliowekewa, na sindano ikafaulu kwa 20 kati ya 30. Ukiishia hapo, mrija umeshinda. Lakini Hong Kong, mwaka 2004, wagonjwa 64 walipogawanywa hivyohivyo, tofauti ya maana haikuonekana, mradi sindano irudiwe kila usaha unapojaa tena. Nikizisoma pamoja naona kwamba jipu kubwa lenye usaha mzito linahitaji mrija, na dogo linaweza kumalizwa kwa sindano mara moja au mbili. Yale madogomadogo mengi, ya chini ya sentimita 3, hutibiwa kwa dawa tu kwa kuwa hayachomeki yote.

Ila tafiti hizo hazikuulizwa swali la wodi zetu: mrija ukishawekwa, nani ataulinda? Mrija unatakiwa kusukumwa maji safi usizibe, kipimo cha usaha kiandikwe kila siku, na mgonjwa asiuvute akigeuka usingizini. Muuguzi mmoja akiwa na wagonjwa 40, mrija huziba usiku na asubuhi tunasema "umekauka, jipu limekwisha." Nimeona ukitolewa kwa kosa hilo. Hospitali yenye watu wa kuulinda iweke mrija. Isiyokuwa nao ichome sindano, irudie altrasaundi baada ya siku mbili au tatu, ichome tena ikibidi. Ni kazi ileile iliyogawanywa, nayo si aibu.

Utaalamu wa kuingiza mirija kwa kuongozwa na picha umekuwa adimu mno kwetu. Tanzania ilianza kuwafundisha madaktari wake fani hiyo, tiba radiolojia, Muhimbili mwaka 2018, kwa ushirikiano na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Yale. Lakini jipu lililo wazi chini ya mbavu halihitaji kusafirishwa hadi Dar es Salaam. Daktari wa hospitali ya mkoa aliyefundishwa anaweza kulichoma. Kisu kibaki kwa jipu lililopasuka tumboni, lenye vyumba vingi lisilotoka kwa mrija, au lile ambalo chanzo chake chenyewe kinahitaji upasuaji.

Dawa ni ubishi mwingine, na hapa nasitasita zaidi. Desturi ni wiki nne hadi sita, mwanzo kwa mshipa. Kwa familia ya muuza samaki hizo ni wiki za mtu mmoja kulala hospitali na mwingine kuacha kazi amuuguze. Singapore ilitoa habari njema mwaka 2020: wagonjwa 152 wa jipu la klebsiela waligawanywa, wengine wakahamishiwa mapema kwenye vidonge vya siprofloksasini, wengine wakaendelea na seftriaksoni ya mshipa, kwa siku 28. Makundi yote mawili yalipona kwa zaidi ya asilimia 90, na vidonge havikuwa nyuma. Natamani tuichukue kesho. Tatizo ni kwamba siprofloksasini kwetu imeuzwa madukani bila cheti kwa miaka mingi, kwa kila homa na kila tumbo, na bakteria wa utumboni wameizoea. Anayetaka kuwarudisha watu nyumbani na vidonge anahitaji kwanza jibu la maabara linalosema vidonge hivyo vinamuua bakteria wa mgonjwa huyu.

Na jibu hilo linategemea dakika tano za mwanzo: damu ichukuliwe kwenye chupa za kuotesha kabla ya dozi ya kwanza, na usaha upelekwe maabara siku hiyohiyo. Mzee alikuja tayari amekula vidonge vya dukani, akapata na dawa zetu. Damu yake haikuotesha kitu. Usaha ndio ulituambia ni klebsiela, na ndio uliotuambia ni dawa zipi bado zinafanya kazi. Sindano iliyochelewa ilikuwa pia kipimo kilichochelewa, na hoja hiyo sikuisikia ikitajwa na yeyote siku ya kwanza.

Wapo wanaosema kila jipu la bakteria lisilo na chanzo lifuatwe na kipimo cha kamera kwenye utumbo mpana, maana saratani ya utumbo mara nyingine hujitangaza hivyo. Kwa mwenye zaidi ya miaka 50, au mwenye damu chooni, au aliyepungukiwa damu, nakubaliana nao. Kwa kijana, bei na foleni ya kipimo hicho zinanifanya nisite.

Jicho la mzee halikuwa ukungu wa sukari. Daktari wa macho alipomwona siku ya sita, usaha ulikuwa umejaa ndani yake. Alimchoma dawa ndani ya jicho, lakini muda ulikuwa umekwenda, na jicho hilo halioni mpaka leo. Mwenye kisukari na jipu la ini akisema macho hayaoni vizuri, aonwe na daktari wa macho siku hiyohiyo. Nimewafundisha hivyo madaktari wote wa mafunzo waliopita mikononi mwangu, na faili lile nawaambia lilivyoandikwa na nani.

Alirudi wiki ya sita, amenenepa kidogo, homa hana, sukari inasoma 8. Kwenye altrasaundi shimo lilikuwa bado lipo, sentimita 3, kingo zimetulia. Mwanawe wa kike, aliyekuwa akimshika mkono kwa sababu ya jicho, aliuliza kama dawa ziendelee mpaka shimo lifutike kabisa. Kuna wanaofanya hivyo. Lakini kovu la jipu linaweza kuonekana kwa miezi mingi baada ya bakteria kufa, na huyu alikuwa anakula, analala, anauza samaki asubuhi. Tulimwandikia tarehe ya kurudi baada ya miezi mitatu, tukamwachisha dawa za bakteria, tukamwacha na za kisukari.